Pazia Letu Lilikuwa Tanga la Mashua

Watu wakisema fulani yuko nyuma ya pazia, huwa wanamsema mtu mbaya. Nimelisikia neno hilo redioni, nimelisikia kwenye mikutano ya ushirika, na juzi nimelisikia kanisani kwetu. Mhubiri kijana alituambia kwamba kila ugomvi wa ukoo una mtu nyuma ya pazia anayeuchochea. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikaa kwenye benchi langu nikajisikia nimetukanwa.

Baada ya ibada nilimuuliza neno hilo limetoka wapi. Alinieleza vizuri, maana amesoma. Alisema ni neno la michezo ya kuigiza. Wanaocheza huonekana mbele, lakini nyuma ya pazia wapo wengine ambao hawaonekani: wa kuvuta kamba, wa kuwavisha wenzao, wa kuwanong'oneza waliosahau maneno. Bila hao mchezo hauendi. Ndiyo maana, alisema, watu wakaanza kumwita hivyo yeyote anayeendesha jambo huku amejificha.

"Amejificha, au amefichwa?" nikamuuliza.

Hakunielewa, akacheka kwa heshima, akaniaga. Simlaumu, ni mtoto wa juzi. Lakini mimi nilikaa nyuma ya pazia la kwanza lililotundikwa upande wetu huu wa ziwa, wakati wa Wajerumani, na sikujipeleka mwenyewe. Kwa hiyo naandika.

Nilizaliwa ufukweni, kwa Wakisi, watu wa vyungu. Mama yangu alifinyanga, na mama yake alifinyanga, na mimi nilijua udongo kabla sijajua kufunga nguo vizuri. Niliolewa bondeni, ng'ambo ya mto Lufilyo, kwa Mnyakyusa mwenye ng'ombe na migomba. Alikuwa mrefu na mpole wa maneno. Kila aliyemwona alimpenda, na mimi nilimpenda. Mimba zangu mbili ziliharibika. Mwaka wa tano akaoa mke wa pili, msichana kutoka Busale, na sikulalamika. Ndivyo watu walivyoishi, na msichana yule alikuwa na adabu. Aliniita dada. Nilimwonyesha jinsi mume wetu anavyopenda ndizi zake, na yeye alinipalilia shamba nilipoumwa.

Misheni ilikuwa ufukweni, si mbali na kwa mama. Kila nilipokwenda kumsalimia mama nilipita pale, nikasikiliza mafundisho, na kidogo kidogo nikajifunza kusoma. Mimi ndiye niliyeyaleta mafundisho nyumbani kwetu. Mume wangu mwanzoni alinicheka. Nikamwambia, "Njoo usikilize mara moja tu, usipopenda sitakusumbua tena." Alikuja mara moja, akaja mara ya pili, na kabla mpunga haujaiva alikuwa ananitangulia njiani.

Alipoomba kubatizwa, Bwana Misheni, Mzungu aliyeisimamia, alimwambia abaki na mke mmoja.

Nilikuwa namenya ndizi aliporudi na habari hiyo. Alikaa kwenye kigogo, akaanza kuchonga mwanzi ambao haukuwa na kazi yoyote.

"Wamesema mmoja," akasema.

"Mmoja yupi?"

Aliendelea kuchonga. Mke mwenzangu alikuwa amejifungua mtoto wa kiume mwezi mmoja nyuma, na tulimsikia mtoto analia ndani.

"Huyu ananyonyesha," akasema mume wangu. "Bwana Misheni anasema mwenye mtoto asiachwe."

"Na mimi niliyekupeleka kwake?"

"Wewe kwenu ni karibu."

Mpaka leo sijapata jibu la maneno hayo. Kama ningekuwa nimezaliwa mbali, milimani kwa Wakinga, je, ningebaki mke? Nilirudishwa kama kinu cha kuazima. Nilichukua mkeka wangu na vyungu viwili nilivyovifinyanga mwenyewe, nikaondoka. Mke mwenzangu alinifuata analia hadi kwenye kijito. Nikamwambia arudi, kwa sababu mtoto alikuwa peke yake.

Sasa sikilizeni jambo lililonichoma zaidi. Aliyeacha alibatizwa Pasaka ya mwaka ule ule, amevaa kanzu nyeupe. Mimi niliyeachwa niliambiwa nisubiri. Bwana Misheni hakuwa mtu wa kufoka. Aliniambia taratibu, kwa Kinyakyusa chake cha puani, kwamba mambo yangu hayajakaa sawa, kwamba watu watauliza mwanamke huyu ameachwa kwa nini. Nikamjibu kwamba wakiuliza awaambie, maana yeye ndiye anayejua. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akaniambia nije mwaka unaofuata.

Nikabaki kwa mama, nikafinyanga. Misheni walihitaji mitungi ya maji na vyungu vya jikoni, na kwa kuwa mimi nilikuwa karibu, nilifanyia kazi hiyo palepale uani kwao, chini ya ukingo wa paa la shule.

Uani hapo ndipo Mwalimu alipoanza kufundisha mchezo wa Krismasi. Mwalimu huyo alikuwa mtu wa kwetu, mdogo wa mwili, mwenye kifua kibovu, na alikuwa na akili nyingi kuliko mtu yeyote niliyemjua. Hakuna aliyewahi kuona mchezo wa namna ile. Tulikuwa na ngoma, na kwenye ngoma watu huiga mambo, lakini huku kusimama mbele ya watu ukasema maneno ya mtu mwingine kana kwamba ni yako, hapana. Mwalimu aliyaandika maneno yote kwa mkono wake, kwa Kinyakyusa. Wachezaji wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo aliwasomea, wao wakarudia. Aliwasomea asubuhi na jioni kwa majuma mengi, na mimi nilikuwa pale, mikono yangu kwenye udongo na masikio yangu wazi. Niliyashika yote. Maneno ya wachungaji, ya mwenye nyumba ya wageni, ya malaika, yote. Mtu akikwama nilimpa neno lake bila kuinua kichwa.

Na wachezaji wakubwa ni nani? Bwana Misheni alitaka watu waone nyumba ya Kikristo ya mume mmoja na mke mmoja. Kwa hiyo seremala alikuwa mume wangu. Mama wa Mtoto alikuwa mke mwenzangu. Mtoto mwenyewe alikuwa yule kijana wao, ambaye wakati huo alikuwa na miezi tisa na meno mawili, na alikuwa mzito kiasi kwamba hori la majani lilibidi lifungwe upya kwa kamba.

Walikuja kutoka bondeni kila juma, wakafanya mazoezi mbele yangu. Mume wangu aliniamkia "Ugonile" kama anavyomwamkia jirani. Nikaitikia.

Mwalimu aliona. Siku moja, kwenye kibaraza, alimwendea Bwana Misheni huku mimi nikisikia kila kitu.

"Kuna nafasi ya mke wa mwenye nyumba ya wageni," alisema. "Maneno yake ni machache. Huyu mfinyanzi anayajua yote."

"Si mbele ya watu," akasema Bwana Misheni.

"Bila yeye watakwama, Bwana. Kila siku ndiye anayewakwamua."

Bwana Misheni akafikiri. "Basi akae nyuma ya pazia."

Neno hilo alilisema kwa Kiswahili, kwa sababu sisi hatukuwa nalo. Milango yetu ilikuwa ya mianzi, na hatukuwa na kitu cha kutundikwa ili kuficha watu. Askari na wachuuzi wa pwani ndio walioleta Kiswahili huku, na pazia likaja pamoja nao. Mara ya kwanza mimi kulisikia, lilisemwa juu yangu.

Mtaniuliza kwa nini nilikubali. Nimejiuliza mwenyewe mara nyingi. Niliyapenda yale maneno, hilo ni kweli. Na nilikuwa na hasira ya namna ambayo humfanya mtu afanye kazi vizuri kupita kiasi. Nilitaka mchezo uende bila kosa hata moja, ili wote wajue mioyoni mwao ni nani aliyeuendesha.

Pazia lenyewe lilikuwa tanga kuukuu la mashua ya misheni. Lilikuwa na viraka, lilinuka samaki na lami. Walilifunga kwa kamba kukata kanisa kule mwisho, wachezaji wakasimama mbele yake, na mimi nikakaa nyuma, kati ya tanga na ukuta, kwenye kigoda. Palikuwa na tundu karibu na kiraka kimoja. Kupitia tundu hilo niliona migongo yao tu, na nyuso za watu waliokuja kutazama.

Krismasi ilipofika mvua ilinyesha asubuhi, mchana jua likawaka, na kanisa likajaa watu wenye nguo mbichi. Machifu walikaa mbele. Wafinyanzi wenzangu walikaa pamoja upande wa wanawake, mama yangu kati yao. Askari wawili walisimama mlangoni.

Mke mwenzangu ndiye aliyeanza. Alikuwa anatetemeka, niliona vitambaa vyake vinatikisika. Alisogea nyuma mpaka sikio lake likagusa tanga, nami nikampa neno moja moja, naye akalisema. Kila alipomaliza sentensi alinong'ona, "Ndaga, dada." Watu wa mbele hawakusikia. Kama ningeweza kumchukia siku ile ingekuwa rahisi, lakini huwezi kumchukia mtu anayekushukuru kila pumzi.

Kisha akaja seremala. Katika mchezo ule seremala anasikia kwamba mchumba wake ana mimba, na anafikiri kumwacha. Malaika anamwambia asiogope. Hapo seremala anasimama katikati na kusema maneno ambayo Mwalimu aliyaandika kwa uangalifu sana: "Sitamwacha mke wangu. Nitakaa naye, na lawama yake itakuwa yangu."

Kwenye mazoezi mume wangu aliyasema maneno hayo harakaharaka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Siku ile hayakutoka. Alisimama katikati, mikono imening'inia. Malaika alirudia neno lake la mwisho ili kumsaidia. Bado. Akarudi nyuma hatua mbili, mgongo wake ukaja karibu kabisa na tundu langu, ule mgongo nilioufahamu, na akanong'ona, "Nipe."

Watu wamesema miaka yote hii kwamba nilipanga. Wamesema nilikaa juma zima nikiwaza jinsi ya kumwumbua. Naapa kwa Kyala, Mungu wetu, sikupanga. Nilifungua kinywa ninong'one kama nilivyokuwa nikinong'ona mchana kutwa, na mnong'ono ukakataa. Ilitoka sauti ile tunayotumia sisi wanawake wa ufukweni kuuita mtumbwi ulioko mbali majini.

"Sitamwacha mke wangu. Nitakaa naye, na lawama yake itakuwa yangu."

Hapakuwa na mtu asiyenijua sauti, na hapakuwa na mtu asiyejua mambo yetu. Kisha nikamsikia mama yangu akisema "Eee," kwa pumzi ndefu, na chifu mmoja akacheka, na wengine wakacheka naye. Sidhani kama walinicheka mimi. Mume wangu alisubiri kicheko kipungue. Halafu akayarudia maneno yale yote, moja baada ya jingine, kwa sauti ndogo, kama alivyofundishwa.

Mchezo uliendelea. Niliwapa wachungaji maneno yao, nikampa mwenye nyumba ya wageni maneno yake, na mtoto akalia kwenye hori mahali hasa alipotakiwa alie. Hakuna aliyekwama tena.

Kesho yake Bwana Misheni aliniita.

"Nani alikutuma?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Mwalimu alikutuma? Au wale wanawake wa vyungu? Nani alikuwa nyuma yako?"

"Nyuma yangu kulikuwa na ukuta, Bwana."

Hakupenda jibu hilo. Alisema nimeichafua sikukuu, na kwamba nikitaka kubatizwa lazima nisimame mbele ya kanisa niombe radhi.

"Niombe radhi kwa neno lipi?" nikasema. "Maneno yameandikwa na Mwalimu, na wewe uliyasoma ukayakubali. Sikuongeza hata moja."

"Uliyasema kwa sauti."

"Basi nitaomba radhi kwa ajili ya sauti, lakini si kwa ajili ya maneno."

Alinitoa nje. Sikuomba radhi, na jina langu lilifutwa kwenye daftari la darasa la ubatizo. Hilo niliweza kulibeba. Nisichoweza kukisamehe ni walivyomfanya Mwalimu. Kabla ya Pasaka walimhamisha kwenda shule ya milimani, kwenye baridi, yeye na kifua chake kile. Hakuwa amefanya kosa lolote ila kuandika neno la kweli na kulitafutia mtu wa kulisema. Nilimpelekea mtungi mmoja kwa mikono ya wapita njia. Sikupata kumwona tena.

Mume wangu naye alikuja. Alinikuta ufukweni nakanyaga udongo kuulainisha. Alisimama pembeni, akasema, "Umeniaibisha."

"Nilikupa neno lako. Uliniomba."

"Ungeweza kunong'ona."

"Na wewe ungeweza kulikumbuka."

Akakaa kwenye mchanga. Maji yalikuja mpaka miguuni pake na hakuisogeza. "Nilikuwa nalikumbuka," akasema. "Lilikataa kutoka."

Kama angesema hivyo kwenye kile kigogo, siku ile alipochonga mwanzi, huenda maisha yetu yangekuwa mengine. Niliendelea kukanyaga udongo. Aliponiaga nilimwitikia, na hayo yakawa mazungumzo yetu ya mwisho ya kukaa chini.

Neno lilibaki na sisi. Sokoni Lyulilo, mitumbwi ikishusha vyungu, mwanamume akibishania bei huku mkewe anamgusa ubavuni, watu walisema, "Huyu ana mtu nyuma ya tanga." Walisema kwa kicheko, na maana yake ilikuwa kwamba anayesema siye mwenye maneno, mwenye maneno haonekani. Halikuwa tusi. Wengine walilisema wakinitazama, na niliona ni heshima. Baadaye tanga likawa pazia, kwa sababu vijana walijifunza Kiswahili zaidi, na kicheko kikaisha, likabaki la kuwasemea wachochezi na wezi. Sisemi kwamba Waswahili wote walilichukua kwetu. Mhubiri kijana hakukosea, michezo iko mijini na mapazia yako mengi. Ninachosema ni kwamba mtu anayelitumia neno hili kama tusi aulize kwanza nani alitundika pazia, na nani alikatazwa kupita mbele yake.

Miaka michache baada ya mchezo ule vikaja vita vya Wajerumani na Waingereza. Kila kijiji kilidaiwa wanaume wa kubeba mizigo, na mume wangu alikuwa mrefu na mwenye nguvu, wakamchukua mapema. Hakurudi. Mtu mmoja wa bondeni aliyerudi amekonda alituambia kwamba alikufa kwa tumbo, njiani, mbali upande wa mashariki, na wakamzika bila kusimama sana.

Nilipopata habari nilifunga mkeka nikaenda msibani bondeni. Watu walikuwa wamejaa chini ya migomba, wanawake ndani wakilia. Mzee mmoja wa kanisa alinizuia mlangoni, si kwa ukali. Aliniambia wageni wanakaa nje.

"Mimi si mgeni," nikasema.

"Uliachwa, mama. Ndani ni kwa wafiwa."

Nilikuwa nimetembea tangu alfajiri na sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikatafuta mahali pa kukaa kati ya watu waliokuja kutoa pole. Nilikuwa sijakaa vizuri mke mwenzangu alipotokea mlangoni, nywele zimenyolewa, macho yamevimba. Alinitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Dada, ingia," akasema.

Yule mzee akaanza kumweleza, kwa upole wake, utaratibu wa kanisa. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwenye msiba ni mimi," akaja akanishika mkono, akanipitisha mbele yao wote. Msichana huyu ndiye aliyekuwa akitetemeka mpaka nguo zake zinatikisika.

Tukakaa mkeka mmoja. Nililia, na nilikuwa na hasira naye yule mwanamume hata nikilia, na hasira hiyo haikuwa imekwisha wageni walipoanza kuondoka. Mke mwenzangu aliniuliza kama nimekula. Nikamwambia sijala. Tukainuka, yeye akaenda kutazama ndizi jikoni, mimi nikachukua mtungi nikashuka kijitoni kuchota maji.